Tangazo la nyumba: maneno yanayomvuta mteja bila kumdanganya wala kumbagua

Tangazo la nyumba hupimwa mara mbili. Mara ya kwanza ni kwenye simu, mteja anapoamua kupiga au kupita. Mara ya pili ni mlangoni, anapolinganisha alichosoma na anachokiona. Madalali wengi huandika kwa ajili ya kipimo cha kwanza tu. Simu zinalia kweli, watu wanapelekwa, ada ya kuonyeshwa inalipwa, kisha kila mmoja anaondoka akisema "nitakutafuta" na hatafuti. Nyumba inabaki, jina la dalali linachafuka, na mwenye nyumba anaanza kumpa mwingine funguo.

Mwongozo huu ni wa dalali, na pia wa mwenye nyumba anayetangaza mwenyewe. Mifano mingi ni ya Dar es Salaam, lakini wa Mwanza, Arusha au Dodoma atabadilisha majina ya mitaa tu.

Kabla hujaandika

Tangazo haliandikwi ukiwa kijiweni kwa kuambiwa "ni nyumba nzuri, weka tu". Nenda na tepu ya kupimia. Ukimkuta mpangaji anayetoka, zungumza naye hata kabla ya mwenye nyumba, maana yeye ndiye anayejua maji yanakatika siku gani na paa linavuja wapi. Rudi na majibu ya maswali haya:

- Kila chumba kina futi ngapi kwa ngapi, kwa kipimo cha ndani, ukuta hadi ukuta?
- Mita ya LUKU (umeme wa kulipia kabla) inatumiwa na kaya ngapi?
- Maji ya bomba hutoka siku zipi, kuna tangi la lita ngapi, na linahudumia kaya ngapi?
- Choo kiko ndani ya chumba, ndani ya nyumba, au nje? Shimo likijaa nani analipia gari la kunyonya?
- Ndani ya fensi kuna kaya ngapi, na mwenye nyumba anaishi humo?
- Gari linaingia? Mangapi, na linaweza kugeuza?
- Kutoka getini hadi kituo cha daladala ni mita ngapi?
- Masika yaliyopita maji yalifika wapi?
- Nyumba itakuwa wazi tarehe ngapi?

Usipopata jibu la swali, usilijazie. Acha kipengele hicho nje ya tangazo hadi ukipate.

Mstari wa kwanza

WhatsApp na Instagram hukata maandishi marefu, kwa hiyo watu wengi huona mstari mmoja au miwili tu kabla ya kuamua kufungua. Mistari hiyo ibebe mambo manne: aina ya nyumba, eneo, bei, na kama ni ya kupanga au ya kununua. "NYUMBA KALI SANA YA KISASA" yenye alama za moto mbele na nyuma haibebi hata moja. "Vyumba viwili vya kulala na sebule, Tabata Segerea, sh 350,000 kwa mwezi" inayabeba yote, na anayetafuta Kigamboni hakupotezei muda.

Jina la eneo liwe lile ambalo konda wa daladala angelielewa. Ukiandika "Mbezi" peke yake umewachanganya watu: Mbezi Beach iko Barabara ya Bagamoyo, Mbezi Luis iko Barabara ya Morogoro, na kutoka moja hadi nyingine ni safari. Andika na kituo: Mbezi Beach Tangi Bovu, Kimara Korogwe, Sinza Mori. Kuna pia ule mtindo wa kuivuta nyumba kuelekea jirani mwenye jina kubwa, Msasani ikawa Masaki, Goba ikawa Mbezi Beach. Mteja akishuka kwenye bodaboda ameshajua, na kuanzia hapo kila utakachomwambia atakitilia shaka, hata kilicho kweli.

Vyumba: hapa ndipo ugomvi mwingi unapoanzia

"Vyumba viwili" kwa mtu mmoja ni vyumba viwili vya kulala. Kwa mwingine ni chumba na sebule. Tofauti hiyo ni ya laki na zaidi kwa mwezi katika mitaa mingi, na ndiyo inayomfanya mama aliyekuja na watoto wake kugeuka mlangoni. Andika kila mara "vya kulala", kisha taja sebule, jiko, choo na stoo kimoja kimoja.

"Masta" ni chumba chenye choo na bafu ndani. Hapo wengi wanakubaliana. Neno "selfu" ndilo lenye matatizo, kwani mmoja analitumia kwa chumba chenye choo tu, mwingine anataka kiwe na jiko pia. Badala ya kubishana juu ya jina, taja vilivyomo: "chumba kimoja chenye choo na bafu ndani, na sehemu ya jiko yenye sinki". Chumba kisicho na choo ndani ni singo, na kiandikwe hivyo: "chumba singo, choo cha nje cha kaya tatu". Wapo wanaotafuta hasa hicho kwa sababu ya bei. Ukikificha choo cha nje, unawaita wateja wasiokiweza na kuwakosa wanaokitaka.

"Jiko" nalo lina viwango vyake. Kuna jiko lenye makabati na sinki, kuna chumba kitupu kilichoitwa jiko, na kuna kona ya koridoni ambako mtu anaweka mtungi wa gesi. Sema ni lipi.

Neno "kikubwa" lifute kabisa. Weka futi. Chumba cha futi 10 kwa 10 (kama mita 3 kwa 3) kikiwekewa kitanda cha 6 kwa 6 na kabati la kina cha futi 2 upande uleule, zinabaki futi 2 za kupita. Kwa kijana anayeanza maisha zinatosha. Kwa mwenye kitanda, meza ya kioo na friji chumbani hazitoshi. Msomaji anajua vyombo vyake, mpe kipimo ajipigie hesabu mwenyewe. Kipimo hicho pia kinakuokoa na swali ambalo hujibiwa kwa uongo kila siku: "Dalali, chumba ni kikubwa?" "Kikubwa bosi, njoo uone."

Umeme na maji

"Umeme upo" si habari. Habari ni mita. "LUKU yako peke yako" ni maneno yenye thamani kuliko jipsamu na taa za rangi, kwa sababu kuchangia mita ndiko kunakovunja ujirani: mmoja ana friji na pasi, mwingine ana taa mbili, na kila mmoja anaona anaonewa. Kama mita inachangiwa, taja idadi ya kaya na utaratibu uliopo: "LUKU ya kaya mbili, kila moja ina mita ndogo ya kusomea matumizi", au "mnachanga sawa kila mwezi".

Kwenye maji, usiandike "saa 24" kama huna hakika na kiangazi chote. Andika chanzo, akiba na wanaoitumia: "Maji ya Dawasa, hutoka siku tatu kwa wiki, simtanki la lita 2,000 kwa kaya mbili." Kisima kikiwepo, sema kama maji yake ni ya chumvi. Maeneo ya karibu na bahari visima vingi vina chumvi, na anayehamia huko atataka kujua kama atanunua maji ya kunywa na ya kufulia.

Dakika tano kutoka lami

Huu ndio usemi unaochekwa kuliko yote katika matangazo ya Dar. Dakika tano kwa usafiri gani? Kwa miguu, kwa bodaboda, au kwa gari saa tisa usiku barabara ikiwa tupu? Japani, kanuni za matangazo ya nyumba zinataka dakika moja ya kutembea ihesabiwe kwa mita 80 za barabara, na kipande cha dakika kinahesabiwa dakika nzima. Ni kipimo kizuri cha kuazima. Pima njia halisi inayopitika kwenye ramani ya simu, si mstari ulionyooka juu ya mapaa, kisha gawa kwa 80. Mita 400 ni dakika 5. Mita 1,200 ni dakika 15, na kwa wengi hiyo ni nauli ya bodaboda kila siku, kwenda na kurudi.

Toa mita na dakika pamoja, na sema ardhi ilivyo: "Mita 700 kutoka kituoni, dakika 9 kwa miguu, mita 200 za mwisho ni vumbi." Kama gari dogo halipiti masika, yaani kati ya Machi na Mei, liandike hilo pia. Picha zilizopigwa Agosti hazitamwambia mteja kwamba njia hiyo Aprili ni mto.

Sifa zigeuzwe ziwe vitu

Maneno kama kali, ya kifahari, ya kisasa, tulivu, salama yamechakaa kwa sababu kila nyumba inayo. Kila unapotaka kuandika moja, jiulize ni kitu gani kilichokufanya ulifikirie, kisha andika kitu hicho.

"Ya kisasa" ikawa: sakafu ya malumalu, dari ya jipsamu, madirisha ya aluminiamu yenye wavu wa mbu, makabati jikoni. "Mpya" itumike kwa nyumba isiyowahi kukaliwa tu. Iliyopakwa rangi si mpya, "imepakwa rangi mwezi huu" inatosha na haina aibu. "Salama" ikawa: fensi ya tofali yenye nyaya juu, geti moja, taa za nje, mlinzi wa usiku anayechangiwa sh 10,000 kwa kaya. Dalali anayeahidi usalama wa asilimia mia ameahidi kitu kisicho mikononi mwake.

"Tulivu" ni neno la hatari zaidi. Tembelea mtaa Jumamosi saa tatu usiku kabla ya kuliandika. Baa, gereji, shule, ukumbi wa harusi, nyumba ya ibada, vyote vitajwe kwa umbali na bila hukumu. "Msikiti uko mita 80" au "kanisa liko mtaa wa nyuma" kwa mmoja ni sababu ya kuhamia, kwa mwingine si hivyo. Kuandika "kelele za adhana" au "kelele za wokovu" ni kuwatukana majirani wa mteja wako mtarajiwa, na huenda na mteja mwenyewe.

Kuhusu kasoro, kanuni ni fupi. Ile ambayo mteja ataiona ndani ya dakika tano za kwanza, iandike ili usimpotezee nauli. Ile ambayo ataigundua baada ya kulipa, ni lazima uiandike. Paa linalovuja, shimo linalojaa kila miezi mitatu, deni la maji lililoachwa, kesi iliyoko baraza la ardhi, haya hayaachwi kwa kisingizio kwamba hakuuliza. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kupotosha wateja katika biashara, na biashara ya nyumba haikuwekwa pembeni. Kasoro huandikwa vizuri ikifuatana na ukweli mwingine wa nyumba ileile: "Iko kando ya barabara kuu, magari yanasikika sebuleni, vyumba vya kulala viko upande wa nyuma."

Bei

Andika tarakimu kamili. "400" au "laki nne na kitu" inazaa simu za bure. Mteja hataki kujua kodi ya mwezi tu, anataka kujua ashike kiasi gani siku ya kuingia, kwa hiyo mpigie jumla. Nyumba ya sh 350,000 inayolipwa miezi 6 ni 2,100,000. Ongeza ya dalali, mwezi mmoja, 350,000. Kama kuna dhamana ya mwezi mmoja, 350,000 nyingine. Anaingia na 2,800,000. Ada ya kuonyeshwa nayo itajwe kwenye tangazo, isiwe jambo la kuibukia getini.

"Maongezi yapo" iandikwe pale tu mwenye nyumba amekubali kushuka, na wewe unajua mwisho wake. Na kuna maneno ambayo dalali huyapenda sana nayo yanamwumiza anayemlipa: "mwenye mali ana shida", "anauza kwa haraka, ana mgonjwa". Hapo umemwambia kila mnunuzi apige bei chini, na umetangaza ugonjwa wa mtu kwa watu usiowajua.

Tangaza nyumba, usitangaze mpangaji

Katiba ya Tanzania, ibara ya 13, inakataza ubaguzi, na inataja wazi utaifa, kabila, mahali mtu alipotokea, maoni ya kisiasa, rangi, dini, jinsia na hali ya maisha. Hata hivyo kila siku utasoma "Wakristo tu", "Waislamu tu", "wanandoa tu, cheti kionyeshwe", "hatupangishi wenye watoto", "mwanamke anayejitegemea hapana", "inafaa wazungu". Mengi huandikwa bila ubaya, kwa kuiga tu. Yanamfungia mtu mlango kabla hajaulizwa kama analipa kodi na kutunza nyumba, na yanampunguzia mwenye nyumba wateja wazuri.

Dawa ni kuandika nyumba na taratibu zake, kisha kumwachia msomaji aamue kama anaiweza. Utaratibu wa haki unamhusu kila atakayeingia: geti linafungwa saa 5 usiku, muziki wa nje mwisho saa 4, hakuna kuvuta sigara ndani, hakuna kufuga mbwa, kodi ni ya miezi 6. Idadi ya watu inaweza kutajwa ikiwa sababu yake ni ukubwa au maji: "chumba kimoja, watu wasiozidi wawili". Hosteli ya wasichana wanaochangia mabafu ina sababu inayoeleweka ya kutaja jinsia. Nyumba nzima yenye geti lake haina.

Mwenye nyumba akishikilia msimamo, mara nyingi ana hofu nyuma yake, na hofu hiyo ndiyo ya kuandikwa.

"Mwanangu, wenye watoto sitaki."

"Sawa mama. Ila unachoogopa ni nini hasa, maji kuisha au kuta kuchorwa?"

"Kuta. Waliotoka wameziharibu zote."

Hapo jibu ni dhamana ya mwezi mmoja, inayorudishwa baada ya ukaguzi. Itamlinda dhidi ya mtoto mchoraji na dhidi ya bachela anayepigilia misumari kila ukuta.

Kwa watu wenye ulemavu usiandike "haifai". Hujui mwili wa msomaji, unajua nyumba. Andika: ghorofa ya tatu, hakuna lifti, ngazi tatu mlangoni bila mteremko, mlango wa choo una upana wa sentimita 70. Anayetumia kiti cha magurudumu atajua mara moja, na mzee mwenye magoti mabovu pia.

Maneno ya tabaka yana ubaguzi wa chinichini. "Mtaa wa kishua, si uswahilini" inawasifu baadhi ya majirani kwa kuwadharau wengine, na haisemi lolote kuhusu nyumba. Kama barabara ni ya lami, mitaro ipo na taa za barabarani zinawaka, andika hivyo. Vivyo hivyo "familia ya kistaarabu": hakuna anayesoma akajiona si mstaarabu, kwa hiyo maneno hayo hayamchuji mtu. Yanampa tu mwenye nyumba kisingizio cha kumkataa asiyempenda sura.

Kwa Waswahili walioko Marekani wanaopangisha huko, jambo hili si adabu tu. Sheria ya haki ya makazi ya 1968 inakataza tangazo lenyewe kuonyesha upendeleo wa rangi, dini au taifa la asili. Jinsia iliongezwa 1974, ulemavu na familia zenye watoto 1988. "Tunapendelea Mwafrika mwenzetu" kwenye kundi la WhatsApp la huko linaweza kumfikisha mtu pabaya.

Unapouza

Kwenye mauzo neno moja la nyaraka lina uzito kuliko picha zote. Ardhi ya Tanzania ni mali ya umma chini ya Rais kama mdhamini, na anachouza mtu ni haki ya kuitumia. Kwa hiyo "miliki milele" si kweli. Hati miliki ina muda, kwa kawaida miaka 33, 66 au 99, na tangazo zuri linataja muda na mwaka ulioanza kuhesabiwa.

Taja nyaraka iliyopo kwa jina lake. Hati miliki ni jambo moja, ofa (barua ya toleo la ardhi inayotangulia hati) ni jingine. Leseni ya makazi, inayotolewa kwa maeneo yasiyopangwa mijini, haizidi miaka 5 na huhuishwa. Hati ya hakimiliki ya kimila ni ya ardhi ya kijiji. Karatasi ya mauziano iliyogongwa muhuri serikali ya mtaa inaonyesha kwamba watu waliuziana, na isiitwe hati. "Kimepimwa" maana yake kina namba ya kiwanja, kitalu na mawe ya mipaka. Mchoro wa mipango miji peke yake haujafika huko. Na "hati iko kwenye mchakato" ni maneno ya kuepukwa mpaka useme umefika hatua gani: maombi yamepokelewa, ada imelipwa, au ramani ya upimaji imeidhinishwa.

Ukubwa uandikwe kwa mita za mraba na pande zake: "mita 20 kwa 30, yaani mita za mraba 600". Mashambani watu hupima kwa hatua, na hatua 70 kwa 70 huhesabiwa ekari moja, ambayo kwa kipimo kamili ni mita za mraba 4,047. Hatua za mwuzaji mfupi na za mnunuzi mrefu hazilingani, kwa hiyo pima kwa tepu au GPS. Angalia pia "heka", ambayo mitaani ni ekari ileile, isichanganywe na hekta, ambayo ni karibu ekari mbili na nusu.

Sifa mbili za eneo huwatia wanunuzi hasara kubwa. Ya kwanza ni "kinagusa lami". Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu na za mikoa hadi mita 30 kila upande kutoka katikati. Kinachogusa lami huenda kiko ndani ya hifadhi, na ndiko majengo yanakopigwa alama za X za kubomolewa. Andika umbali kutoka katikati ya barabara hadi mpaka wa kiwanja. Ya pili ni "ufukweni kabisa" au "kimepakana na mto". Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka baharini, ziwani na kingo za mto. Pima kabla ya kuisifu mandhari.

Nyumba ya familia inahitaji sentensi moja zaidi. Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu mwanandoa kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na mali ya marehemu huuzwa na msimamizi wa mirathi. "Ridhaa ya mke ipo kwa maandishi" au "msimamizi ameteuliwa na mahakama, barua ipo" humfanya mnunuzi makini apige simu, wakati matangazo mengine anayapita. Usiandike hivyo kabla hujaiona karatasi kwa macho yako.

Mfano mzima

Tangazo la kawaida:

"NYUMBA KALI YA KISHUA MBEZI. Vyumba vitatu vikubwa, maji saa 24, dakika 3 tu lami, usalama wa kutosha. Familia ya kistaarabu, wanandoa tu. Bei 400, maongezi yapo. Wahi!"

Nyumba ileile, baada ya kwenda na tepu:

"Vyumba viwili vya kulala na sebule, Mbezi Beach Tangi Bovu. Inapangishwa, sh 400,000 kwa mwezi.

Chumba masta futi 12 kwa 11, cha pili futi 10 kwa 10, choo cha wote koridoni. Sebule futi 14 kwa 12. Jiko la ndani lenye sinki na makabati. Malumalu, madirisha ya aluminiamu yenye wavu.

LUKU yako peke yako. Maji ya Dawasa kwa mgao, simtanki lita 3,000 kwa kaya mbili. Fensi moja, kaya mbili, mwenye nyumba haishi hapa. Gari moja linaingia.

Mita 900 kutoka kituoni, dakika 12 kwa miguu. Mita 300 za mwisho ni vumbi. Masika gari dogo hupita kwa shida. Geti hufungwa saa 5 usiku, kila kaya ina ufunguo.

Kuingia: kodi miezi 6 (2,400,000), dhamana (400,000), dalali (400,000), jumla 3,200,000. Kuonyeshwa 10,000. Inapatikana kuanzia 1 Julai."

La pili ni refu zaidi na litaleta simu chache. Watakaopiga wanajua futi, wanajua vumbi, wana fedha au wanajua watakavyoipata. Hakuna mahali paliposemwa nani asipige.

Likishatoka

Weka tarehe juu. Usiandike namba ya simu ya mwenye nyumba bila idhini yake, wala namba ya nyumba iliyo tupu, na picha zisionyeshe vyombo, picha za ukutani au watoto wa mpangaji ambaye bado yumo. Bei ikibadilika, hariri tangazo lilelile badala ya kutupa jipya lenye bei tofauti, maana wateja huyapiga picha na kukuletea yote mawili.

Ikichukuliwa, andika IMECHUKULIWA kwenye mstari wa kwanza siku hiyohiyo. Kuiacha ili ikuletee watu wa kuwapeleka kwenye nyumba nyingine ni kupotosha kama kulivyo kupotosha kwingine. Kama unayo nyingine inayofanana, itangaze kivyake, kwa picha zake na vipimo vyake.